Kisanduku cha Watu Watatu

Baba alikufa siku ya tisa. Wenzake watatu walikufa siku ileile jukwaa la chuma lilipoanguka kiwandani. Yeye alitolewa chini ya vyuma akiwa anapumua, akalazwa, akaendelea kupumua siku nane. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitokana na hizo siku nane.

Kiwanda kilitengeneza ukurasa wa kumbukumbu kwenye tovuti yao. Picha ya mshumaa, maneno machache ya meneja, kisha kisanduku cha kijivu chenye majina ya marehemu. Mama aliufungua kwenye simu yake, akahesabu kwa kidole. Watatu. Chini ya jina la tatu palikuwa na namba ya ofisi ya mauzo.

"Baba yako hayumo," alisema.

Nikajaribu kwenye simu yangu. Hayumo.

Nilipiga simu kiwandani. Katibu muhtasi alinijibu kwa upole, kama mtu anayesoma karatasi.

"Mbona yumo, dada? Namwona hapa, wa nne."

"Kwenye simu hayumo."

"Kwetu yumo, dada. Labda simu zenu ni za zamani."

Nilipiga mara nne katika miezi miwili, na kila mara kwao alikuwemo. Wakati huo mama alikuwa haendi popote. Tangu mazishi alikuwa hajavuka geti. Ndipo ikaja barua: mwaka ukitimia, familia zote zinaalikwa kiwandani kuwakumbuka marehemu. Nilitamani aende, akae na wale wajane wengine watatu, maana hao tu ndio wangemwelewa bila kuuliza maswali. Akairudisha barua kwenye bahasha.

"Nikakae kiti cha mbele kwa watu waliohesabu watatu? Siendi. Wamwandike kwanza mume wangu."

Mimi nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Baba akiwa hai nilisoma kwenye mtandao kozi ya mwanzo ya kupamba kurasa za tovuti: rangi, herufi, mipaka. Baba alikuwa mchomeleaji. Kiwandani walimwita Cheche, na kweli hakuwa na shati lisilo na matundu ya moto. Jioni akivua viatu alikuwa akiniuliza, "Haya, mpaka rangi, leo umepaka nini?" Nikimwonyesha alitikisa kichwa kukubali, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Ngazi ya kati ya kozi ile sikuwa nimeigusa. Nilijiandikisha siku ile nilipokata simu ya nne, nikawa nasoma mchana wateja wakipungua. Sikusoma kwa kupenda. Nilisoma nimekunja taya.

Mwalimu wa kwenye video alikuwa mchangamfu kupita kiasi, na mifano yake yote ilikuwa paka. Somo la sita lilihusu visanduku.

"Huyu paka nimempa kisanduku kifupi," alisema akicheka. "Mkia umezidi. Basi, kinachozidi nakificha. Unaona? Safi kabisa."

Niliizima video hapohapo. Nikafungua ukurasa wa kiwanda kwenye kompyuta ya duka, nikatazama maagizo yaliyo nyuma yake. Mistari miwili tu. Wa kwanza ulikipa kisanduku kimo cha kutosha majina matatu yaliyopangwa juu kwa chini. Wa pili uliamuru kinachozidi kifichwe. Kwenye vioo vipana vya ofisini majina yalikaa yote safu moja, ubavu kwa ubavu. Kwenye simu yalishuka moja chini ya jingine, na la nne likazama.

Maana yake ni kwamba ukurasa ulitengenezwa baba akiwa bado wodini. Alipokufa, mtu aliongeza jina lake bila kumwongezea nafasi, na hakushika hata simu kuangalia. Mteja aliyeleta cheti chake nilimtolea nakala ya upande usio na maandishi.

Nilitengeneza nakala ya ukurasa ule na kukirefusha kisanduku. Kwenye simu yangu baba akatokea, jina lake kamili, herufi kwa herufi. Nikamtumia mama, nikakimbia nyumbani kama nimepewa zawadi.

Alikuwa ameketi jikoni, simu imelala mezani.

"Naona vichwa vya herufi," alisema. "Mmemkata shingoni."

Nilikuwa nimesahau. Macho ya mama hayaoni vizuri, na kwenye simu yake herufi zote zimekuzwa. Majina yalipokua, kisanduku changu hakikutosha. Alisema *mmemkata*, na mimi nikiwamo katika hao waliomkata.

Kesho yake nilirudi kwenye somo la sita, nikaendelea pale nilipozima.

"Sasa," alisema yule wa paka, "hiki nilichofanya, usikifanye. Kisanduku chenye maneno usikipangie kimo. Kiache, maneno yenyewe yatakifungua."

Kama ningevumilia dakika moja zaidi ya kicheko chake, mama asingeona alichokiona. Hasira ya siku ile ilikuwa yangu peke yangu.

Zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya ile kumbukumbu, nilichukua simu ya mama nikaenda kiwandani. Mlinzi aliponiuliza miadi nilimwambia mimi ni wa Cheche, akafungua geti bila kuandika kitu. Anayeshughulikia tovuti alikuwa na vioo viwili mezani, kila kimoja kipana kama dirisha. Nilimwekea simu yangu mbele yake. Akaitazama, akakohoa.

"Aa. Kumbe. Hilo dogo, dada, hata hukuwa na haja ya kuja."

"Nimepiga simu mara nne."

Akafungua faili, akafuta namba, akaandika nyingine kubwa zaidi. "Tayari. Angalia."

Baba alikuwemo. Nikatoa simu ya mama, nikaufungua ukurasa, nikailaza juu ya kibodi yake.

"Hii ni ya mjane wake. Soma jina la nne."

Alisoma nusu jina, akaisogeza simu, akairudia ile namba.

"Usiongeze namba," nilisema. "Iondoe. Na ule mstari wa chini yake, wa kuficha, uondoe pia."

"Lakini mpangilio wa ukurasa utasogea kidogo, dada."

"Usogee."

Aliifuta mistari yote miwili. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kufunga kamba za viatu, na ilikuwa imesubiri karibu mwaka mzima. Aliegemea kiti, akaningojea niseme asante. Nilichukua simu zote mbili nikatoka.

Mama aliusoma ukurasa amesimama mlangoni kwenye mwanga. Alishuka na kidole polepole, akapanda, akashuka tena.

"Wale wenzake wamebaki wote?"

"Wote. Hesabu."

Akahesabu. Wanne. Namba ya ofisi ya mauzo ilikuwa imesukumwa chini kabisa, nje ya kioo.

"Nitaenda," alisema. "Lakini huyo meneja simpi mkono."

"Usimpe, mama."

Akaniuliza kama lile gauni lake jeusi bado linahitaji pasi.