Joka Lililoitika

Saa nane mchana dobi alikuwa amefika koti la kumi na tatu. Alipigia pasi sare za wauguzi sebuleni kwake, kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, hedifoni zikiwa masikioni. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na alichokuwa akisikiliza ni riwaya ya watoto iliyosomwa kwa sauti kwenye simu: binti anayelinda lango la mji ulio juu ya mawingu, na joka kuukuu linalomfundisha kuruka. Watu wakimuuliza, alisema ni taarifa ya habari.

Mama yake alilala chumba cha nyuma. Miezi saba nyuma kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, kikamwachia sauti.

Dobi alijua kwamba akivaa hedifoni hasikii kitu. Alijua pia kwamba angeweza kuvaa upande mmoja tu. Alijaribu siku mbili. Mabawa ya joka yakawa yanapiga upande mmoja, utamu wote ukapotea, akarudisha na wa pili.

Jumanne hiyo binti alifika langoni, akaliita joka. Joka halikuitika. Msomaji naye akanyamaza. Dobi akadhani simu imeisha chaji, akavua hedifoni, akasikia mazungumzo chumba cha nyuma.

Joka lilikuwa limeketi kando ya kitanda, la kijani kilichopauka, kama lilivyoelezwa katika sura ya kwanza. Kwa mkono mmoja lilishika kikombe, kwa mwingine liliinua kichwa cha mama.

"Shikamoo," dobi alisema, maana lilikuwa na miaka mia tisa.

"Marahaba. Mrija uko wapi? Anapaliwa."

Dobi akaleta mrija. Mama akanywa vikombe viwili bila kupumzika. Kisha joka likatoa shuka lililolowa, likatandika kavu. Dobi akaliokota lile la kwanza. Lilikuwa limelowa tangu asubuhi. Kingo zilishaanza kukauka.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuita," mama alisema.

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomchoma.

Tangu siku hiyo joka lilikuja kila alasiri, dobi akishavaa hedifoni. Jumamosi kaka mkubwa alipita kumjulia mama hali, akaruka mkia pale mlangoni, akalisalimu joka, akakaa nusu saa. Wakati wa kuaga akamshika dobi mkono.

"Mdogo wangu, Mama amenawiri. Umetubebea mzigo wote. Sijui tungekuwa wageni wa nani."

Dobi alifungua kinywa aseme kweli.

"Subiri chai," alisema.

Kwenye riwaya mambo yalikuwa yanaharibika. Sura baada ya sura binti alisimama langoni akiita, na adui walishachukua ukuta wa mashariki. Msomaji aliusoma mwito ule kwa sauti iliyozidi kukauka. Dobi alikuwa anasikia kila mwito, tena vizuri kabisa, masikio yote mawili.

Jumatatu alizifungia hedifoni kwenye droo. Mama alipoita, alifika kabla jina halijaisha. Alimnywesha maji, akamfuta kidevu. Mama alikuwa akitazama nyuma ya bega lake, mlangoni.

"Yule haji leo?"

"Leo niko mimi, Mama."

"Haya. Ahsante sana, mwanangu. Samahani kwa usumbufu."

Alimshukuru kama mtu anavyomshukuru jirani asiyemzoea. Dobi akarudi kwenye meza ya pasi.

Baada ya robo saa mama aliita ageuzwe. Kisha akunwe mgongo. Kisha ageuzwe tena, na kila mara aliomba radhi. Dobi alikwenda kila mara. Kimya kati ya mwito na mwito kilikuwa kirefu, makoti yalikuwa meupe yote, na hakukuwa na kitu cha kufikiria isipokuwa mashuka ya miezi saba iliyopita, kila moja lilikaa na maji muda gani.

Saa kumi kasorobo alifungua droo. Alijiambia ni sura moja tu.

Binti aliita mara moja, akakosa jibu. Sakafu ikatikisika kidogo. Dobi hakugeuka, aliinua waya wa pasi juu kidogo, joka likapita chini yake kwenda chumba cha nyuma, naye akaongeza sauti.