Makopo ya Mwaka Jana

Baridi ilipoingia Matosinhos, mji wa wavuvi huko Ureno, mashua zilizuiwa kuvua sadini, na watu wakarudia samaki wa kopo kama ilivyo kila mwaka. Duka la Mama Hermínia lilikuwa na rafu moja tu ya samaki. Mwaka huo mguu ulimgomea, akamwachia mkwewe, Deolinda, achague cha kuweka.

Deolinda alikuwa mtu wa milimani, kakulia nyama ya nguruwe na viazi. Akikosea, wateja wangehamia supamaketi, na duka hilo ndilo lililowalisha wote.

Wakala wa kiwanda angepita mchana kuchukua oda. Basi asubuhi Deolinda akafungua makopo matatu, akaonja na mkate. Jodari alikuwa mkavu. Kibua mnene, mtamu, harufu yake kali kidogo. Sadini, aliyetoka kiwandani juzijuzi, mfupa wake ukamkwaruza koo.

"Sadini hafai, mama," akasema. "Nachukua vibua. Na yale makopo ya zamani ya stoo nimeyatoa nje, gari la taka litayabeba."

Mama Hermínia akadaka fimbo yake. "Yapi?"

"Yale yenye vumbi. Ya mwaka jana."

"Ee Bikira Maria, mwanangu kaniletea mbuzi wa milimani! Kwani kwenu mvinyo ukifikisha mwaka mnaumwaga? Kayarudishe, mbio!"

Deolinda akatoka mkuku. Yalikuwepo bado, yote. Akafungua moja palepale kaunta. Samaki alikuwa laini, mafuta ya zeituni yamemwingia mpaka ndani, na mfupa ukayeyuka mdomoni.

"Yanageuzwa kila mwezi, chini juu," mama mkwe akasema, "mafuta yafike pande zote."

Kumbe ndicho kilichokuwa kikimpeleka stoo kila mwezi! Deolinda alidhani anahesabu mali.

"Na mguu huo, mama?"

"Nani mwingine? Wewe ulikuwa na kichanga, hulali."

Deolinda akamshika mkono, machozi yakimlengalenga. "Asante, mama. Asante sana."

"Haya, kata mkate, tule."

Wakala alipofika, Deolinda akaagiza vibua vichache, na sadini wengi. Makopo ya mwaka jana akayapanga rafuni. Yale mapya yalipoletwa, akayabeba mwenyewe hadi stoo, akamkataza mama mkwe kunyanyuka kitini: kuanzia sasa kugeuza ni kazi yake.

"Taratibu basi," Mama Hermínia akamwambia, akicheka. "Usiyarusherushe, si mtoto wako hayo."