Zamu ya Jedidah

Mvua ya kwanza ilipolowesha ardhi, Phelesia alimfunga mtoto mgongoni, akakimbilia soko la Kosele. Mama mkwe wake, Jedidah, alikuwa akingoja kwa siku ya tatu kwenye foleni ya mahindi ya njano ya msaada.

"Mama, njoo upande mtama kabla udongo haujakauka."

Kwa desturi yao, mke wa mwana hapandi mbegu shambani kabla ya mama mkwe.

"Na huyu atakula nini leo?" Jedidah aliushika mguu wa mjukuu wake, mwembamba kama mwiko.

"Nitakushikia nafasi. Haya mahindi ni ya wiki mbili tu, mama. Halafu?"

"Hayo ndiyo mnayofundishwa kwenye darasa la ngumbaru jioni?" mwanamke wa nyuma yao alicheka.

Jedidah hakucheka. Akaondoka.

Alasiri karani akaliita jina la Jedidah. Phelesia akaitika.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Anapanda."

"Namtaka mwenyewe. Anayefuata!"

Phelesia alirudi na gunia tupu, mtoto akilia njia nzima. Shambani, Jedidah aliliona gunia. Kisha akamnyooshea jembe.

"Mimi nimeshatangulia. Sasa ni zamu yako, mwanangu."