Sufuria la Watu Mia

Ulikuwepo. Usiniambie hukuwepo. Lile lori la bluu liliposimama mbele ya yadi yetu, barabara ya Saclepea, ulikuwa ng'ambo ya pili kwenye meza ya vitunguu. Ulipoona ni nani anashuka, ukainamisha kichwa ukaanza kuchagua kitunguu kimoja kimoja kama mtu anayetafuta dhahabu. Nilikuona. Moto ulikuwa mbele yetu, yule mtu nyuma yetu, na bado nilipata nafasi ya kukuona.

Wali ulioula jana umepikwa ndani ya sufuria letu. Hapa mjini Ganta hakuna jiko lisilo nalo. Tunayeyusha chakavu cha alumini, vifuniko vya injini, fremu za madirisha, mapanga ya feni. Tunamimina kwenye mchanga, linatoka sufuria. Sufuria unalijua kwa jina. Sisi unatuita "wale". Miaka minane tangu bunduki zikabidhiwe, bado ni wale.

Basi nikutajie majina.

Saye ndiye aliyeianzisha yadi. Jina hilo alipewa na mama yake kwa kuwa ndiye kifungua mimba wa kiume. Vitani aliitwa Hakuna Kesho. Nitaliandika mara chache niwezavyo, maana sheria ya kwanza ya yadi ni kwamba jina la vita linabaki nje ya geti. Alijifunza kazi hii ya kusubu, kuyeyusha na kumimina, kwa mzee mmoja kutoka Guinea, na mzee alipofariki, Saye akaanza kuwaokota wenzake: waliolala sokoni, waliofukuzwa na shemeji zao, waliokunywa mpaka wakasahau kula. Hakumuuliza mtu alipigana upande gani. Alimkalisha kwenye mvukuto wa kupulizia moto. Moto haumtaki mwenye pupa. Unavuta, unasukuma, pumzi moja, mpaka mwili unachoka na usiku unapata usingizi. Akishatulia, anafundishwa mchanga. Akiujua mchanga, anafundishwa kumimina. Mmoja wao leo ana yadi yake Gbarnga. Mwingine anachomelea mageti Sanniquellie, na geti lako wewe ni la mkono wake.

Mimi ni Kou. Nachekecha mchanga. Bunduki niliibeba kama wao, nikiwa na miaka kumi na minne. Siku ya kukabidhi silaha, kila aliyeleta bunduki alipewa nafasi ya kusomea ufundi; kamanda wetu aliichukua yangu akampa mpwa wake, kijana ambaye hajawahi kufyatua hata manati. Mpwa akaenda kusomea umeme kwa jasho langu, mimi nikaambiwa wapishi wa kambi hawamo kwenye mpango. Kamanda huyo aliitwa Jicho Kavu. Mkumbuke, yuko njiani anakuja.

Na Dahn. Dahn aliingia masika haya, kutoka upande ule uliokuwa ukitupiga risasi. Mikono yake inatetemeka. Siku ya kwanza pikipiki ilipiga mlio kama risasi barabarani, akajitupa chini juu ya mchanga uliokwisha kupangwa, kazi ya asubuhi nzima ikaharibika. Saye akamtazama.

"Umelala juu ya sufuria la mke wa mchungaji," akamwambia. "Ukiamka, mwombe radhi."

Dahn alicheka mpaka akalia. Kuanzia hapo hakuondoka.

Sasa sikiliza jinsi hofu ilivyoingia, kwa sababu haikuja na bunduki. Iliingia na Mama Yei, anayetuuzia masufuria sokoni, akitabasamu.

"Wanangu, nimewaletea riziki. Masufuria matatu. Mteja hababaiki na bei."

"Ya ukubwa gani, mama?" Saye akauliza.

Mama Yei akatanua mikono, akaona haitoshi. Akaokota kuni, akachora duara chini.

"Eh!" Dahn akasema. "Hilo la kumpikia ng'ombe au la kumwogeshea?"

"La kumwogeshea baba yako."

Tukacheka wote, isipokuwa Saye. Alikuwa ameingia katikati ya lile duara, anazungusha macho kwenye mstari.

"Masikio anataka mangapi?"

"Manne. Amesisitiza hilo. Anataka mti upite, watu waliweke begani."

Kicheko kikakatika. Mama Yei akatutazama mmoja mmoja, hajui amesema nini.

Sufuria la harusi lina masikio mawili, kwa sababu harusi haihami. La msiba vilevile. Sufuria la kupikia watu mia, linalobebwa kwa mti, mabegani, porini, tulikuwa tunalijua sote watatu. Tumekula ndani yake. Mimi nimelipikia. Na wote tulikuwa tumesikia kwamba ng'ambo ya mto Cavalla jirani zetu wameanza kuuana, na kwamba kuna mtu anakusanya watu wenye uzoefu.

"Huyo mteja anaitwa nani?" nikauliza.

"Hakujitaja. Mtu mtanashati. Ananukia vizuri. Anavaa viatu vyeupe."

Saye akalifuta duara kwa mguu. Lakini Mama Yei alikwisha kupokea malipo ya kutangulia, na aliyelipa alikwisha kujua yadi iko wapi.

Nilienda polisi. Afande akaniuliza, "Kuagiza sufuria ni kosa la jinai?" Nilienda kwa mchungaji, akasema atatuombea. Nikaja kwako. Ndiyo, kwako. Ulitoka na mwiko mkononi, hukunikaribisha hata kigoda. Ukasema, "Dada Kou, hayo ni mambo yenu wanajeshi. Mnajuana wenyewe." Mlango ukaufunga polepole, kwa adabu.

Saye akaamua tusubu moja kwanza, tupate muda wa kufikiri. Nikamwambia anajidanganya. Akaniambia nichekeche mchanga.

Ndiyo maana leo mchana ulitukuta tunamimina.

Kumimina kuna sharti moja: ukianza, usikate. Ukisita hata kwa kupepesa kope, alumini inaganda ilipofika, inayofuata inalala juu yake, na sufuria linabaki na mstari ambao siku ya moto wa kwanza unapasuka. Chungu cha kuyeyushia kinabebwa na watu wawili, kwenye pete ya chuma yenye mpini mrefu kila upande. Saye alikuwa mbele, Dahn nyuma. Akishtuka mmoja, ule uji wa moto unamwagikia miguu ya mwenzake.

Lori likasimama. Injini ikazimwa. Nikasikia viatu kwenye kokoto.

"Hakuna Kesho!"

Sauti ile haijazeeka. Nilikuwa na chekeche mkononi, na miguu yangu ikarudi kuwa na miaka kumi na minne. Niligeuza shingo tu, nikakuona wewe na kitunguu chako, nikairudisha.

Nilimwona Dahn. Alikuwa ameinua macho kutoka kwenye mchanga. Yeye aliijua sauti ile kwa namna nyingine: wakati wa vita, kwenye kizuizi cha darajani, ndiyo iliyokuwa ikichagua nani avuke na nani asivuke. Kaka yake Dahn hakuvuka. Alitusimulia mara moja tu, kisha hakurudia.

"Dahn," Saye akasema, chini kwa chini. "Tazama mchanga. Usikate."

"Ni yeye."

"Najua. Usikate."

"Hakuna Kesho! Unanisubirisha? Mimi?"

Akasogea mpaka kivuli chake kikalala juu ya mchanga tunaoumiminia. Chungu kikayumba. Tone moja likaruka, likaanguka kando ya kidole cha Saye, likachemka. Saye hakuondoa mguu. Uji ukaendelea kushuka, mwembamba, mweupe, na mimi nikawa nahesabu pumzi za Dahn kama mkunga. Uji ulipojaa hadi ukingo wa tundu la kumiminia, Saye akasema, "Basi." Wakakishusha chungu.

Hapo ndipo akageuka.

Jicho Kavu alikuwa amenyoosha mkono, vidole tayari kuliza kidole cha mwenzake, kama tunavyosalimiana hapa. Saye akamwonyesha viganja vyeusi.

"Nina masizi, mkubwa."

"Mimi na wewe tumepakana mabaya kuliko masizi." Akaunyakua mkono, akauvuta. Mlio ulitoka kwenye kidole kimoja tu. Cha Saye kilibaki kimekufa. Jicho Kavu akautazama mkono ule, kisha akacheka. "Na mpishi wangu yupo! Kou, bado unaunguza wali?"

Jibu nilikuwa nalo. Nimelitunza miaka minane. Badala yake nikaanza kuchekecha mchanga uliokwisha kuchekechwa.

"Kazi ya muda mfupi," akasema. "Ng'ambo hapo tu. Kila mtu anarudi na pikipiki yake."

"Nina kazi," Saye akasema.

"Hii?" Akaligusa rundo la chakavu kwa ncha ya kiatu cheupe. "Wenzako hawakuona ni kazi." Akaashiria lorini. Vijana walikuwa wamejazana humo, na mmoja wao alijifunika uso kwa kofia, lakini mabega yake niliyajua. Mwaka jana yalikuwa kwenye mvukuto wetu. "Wananiuliza kila siku: Hakuna Kesho anakuja? Ukipanda wewe, nusu ya Ganta inapanda. Kesho alasiri nakuja kuchukua masufuria. Na wa kuyabeba."

Akaondoka hatua chache, akarudi, kama aliyesahau kofia.

"Binti yako amekua. Yule wa sare ya kijani, begi la njano. Nimemwona akivuka barabara pale kwenye kituo cha mafuta. Alivuka bila kuangalia." Akamtengenezea Saye kola ya shati. "Mfundishe aangalie."

Lori likaondoka. Wewe ukalipia vitunguu, ukaondoka pia.

Saye alikaa kwenye ndoo. Kisha akateka maji akaosha miguu, vizuri, katikati ya vidole, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Kou, njoo. Tazama rangi ya uji. Ikiwa kama mwezi, bado. Ikiwa kama kioo cha..."

"Kwa nini unanifundisha leo?"

"Nikienda mimi, hatamgusa mtoto. Na ninyi atawaacha."

"Kamanda gani umewahi kumwona akitimiza ahadi? Yule aliyempa mpwa wake bunduki yangu?"

"Nikienda peke yangu..."

"Hujasikia? Nusu ya Ganta inapanda!"

Nilimwangalia machoni, na naapa, ndani kabisa alikwisha kuitika. Hakuwa anaogopa tena. Ndicho kilichoniogopesha kuliko vyote. Nilimjua yule asiyeogopa, wa vitani. Nilimpikia.

Wakati huo Dahn alikuwa analifukua sufuria. Lilitoka zima, zuri, halina mstari hata mmoja, na masikio yake manne yamesimama. Lilikuwa bado na moto mwingi. Dahn akalizunguka. Halafu akachukua nyundo.

Alumini ikiwa bado na moto huo haipindi. Inavunjika kama biskuti.

"Dahn!"

Akapiga. Sikio likaruka. Akapiga tena, mikono inatetemeka vilevile, pigo moja linapata, moja linakosa, analia huku anapiga. Saye akamrukia akamshika kiuno.

"Unajua umefanya nini? Kesho atatuua!"

"Atuue! Mimi sili tena ndani ya hilo! Na wewe huendi kulibeba!" Wakaanguka wote wawili mchangani. Dahn akamshika Saye kwa shati, pale pale penye kola iliyotengenezwa. "Ukienda wewe, mimi nani ataniambia usikate?"

Saye akabaki amelala chali. Kifua kinapanda, kinashuka. Kisha akaketi, akaokota kipande kilicho karibu naye, akakitupa kwenye chungu. Akaokota kingine. Mikono yake nayo sasa ilikuwa inatetemeka, na mimi nilishukuru kuona hivyo, maana ilikuwa mikono ya Saye.

"Kou," akasema, "moto unalala."

Nikakaa kwenye mvukuto. Mpaka jua lilipotua, sufuria la watu mia lilikuwa limekuwa masufuria ya watu watano watano, yenye masikio mawili. Yako ukutani, yanapoa. Mama Yei alikuja, akayaona, akaelewa bila kuelezwa. Akamchukua yule binti wa Saye akalale kwake, na akasema kesho atakuja na kigoda chake akae getini.

Huyo ni mtu mmoja na kigoda kimoja. Jicho Kavu ana lori.

Sitakudanganya kwamba sisi ni mashujaa. Dahn ametapika mara mbili. Mimi naandika haya mgongo ukiwa ukutani, na kila gari linalopita nanyanyua kalamu. Saye amekaa na viatu vyake miguuni, na sijui kama ni vya kukimbia au vya kupanda lori. Naye hajui. Kesho akiitwa kwa jina lile na hakuna mtu barabarani ila sisi, ataitika. Ndivyo tulivyochukuliwa mara ya kwanza, tukiwa watoto: milango ilifungwa polepole, kwa adabu, na yule mtu akaita majina anayoyataka.

Jina la vita linahitaji barabara tupu. Mbele ya watu waliomjua mtu tangu anatambaa, halisimami.

Basi acha kitunguu. Ukimaliza barua hii usikae, nenda ukamgongee jirani yako, sasa hivi, kabla hajalala, mwambie naye agonge. Kesho alasiri tutakuwa tunamimina. Njoo na kigoda. Njoo na mtoto mgongoni, njoo na sufuria letu likiwa na wali ndani yake. Vuka barabara, simama upande wetu, ujaze geti. Na lori likisimama, usimwache Jicho Kavu aanze. Ita wewe, kwa sauti yako yote, kabla hajafungua kinywa:

Saye!

Inuka sasa, ukagonge.