Mashine ya Bwana Omosa

Bitutu alichuma chai kwa mkono wa kushoto. Wa kulia, uliovimba tangu akatwe titi, aliuning'iniza kifuani kwa leso. Kila alipoinama aliguna, akashika kiuno. Binti yake Nyanchera, mstari wa pili, alijifanya hasikii. Daktari alikuwa amesema mama apimwe: adungwe dawa yenye mionzi, kisha mashine ionyeshe kama saratani imeingia mifupani. Mashine hiyo ilikuwa Nairobi.

Kuendesha mashine kama hiyo ndiyo kazi Nyanchera aliyotaka kuisomea. Chuo kimoja cha Nairobi, kinachotambulika, kilikuwa kimemkubali. Lakini basari ya karo ilipitia kwa Bwana Omosa, mwenyekiti wa kamati ya kuigawa, na Bwana Omosa alikuwa na chuo chake mjini Kisii, juu ya duka la mbolea.

"Watoto wetu wasomee kwetu," alimwambia. "Ukienda huko, basari sahau. Kozi hiyo tunayo, na mashine tunayo. Nenda uione."

Alienda. Mwalimu Nyangau, kijana wa koti jeupe lenye doa la mchuzi, alimfungulia chumba. Palikuwa na kitanda, na juu yake dubwana jeupe la mviringo. Nyanchera aliligonga. Lilikuwa la mbao nyembamba, limepakwa rangi. Waya wake uliishia sakafuni, kwenye mavi ya panya.

"Wanafunzi wanafanyia mazoezi wapi?"

"Hapa."

"Na dawa yenye mionzi?"

"Hiyo tunaichora ubaoni."

"Waliomaliza wamepata leseni?"

Nyangau alitazama kucha zake. "Dada, umekuja kusoma ama kupeleleza?"

Nyanchera alimkuta Omosa ofisini akila matumbo.

"Mzee, ile si mashine."

Omosa alitafuna mpaka akamaliza. "Ni ya kufundishia. Wagonjwa wenyewe hawajalalamika, wewe nani?"

"Sisomi pale."

"Basi kachume chai." Akalamba kidole, akavuta sahani.

Siku ya soko, Nyanchera aliporudi kutoka kupeleka majani kwenye kituo cha chai, alimkuta mama kibarazani, amevaa gauni la kanisani.

"Bwana Omosa alinijia kwa gari lake," mama alisema. "Anasema ulimkosea heshima, lakini yeye hana kinyongo. Wamenilaza kwenye ile mashine. Wanafunzi wamenizunguka, wamepiga picha nyingi. Nikamuuliza yule daktari kijana kama ugonjwa umefika mifupani. Akasema haujafika."

"Mama, ile ni mbao. Niliigonga kwa mkono wangu. Na yule si daktari."

"Nyasae, Mungu wetu, ameniona, wewe unanuna."

"Twende Nairobi, mama. Tafadhali."

"Kutafuta nini? Nimeshapimwa." Bitutu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto mjinga. "Wewe si ulikataa kusoma? Wao wamesoma. Utajua nini kuliko wao?"

Mwezi uliofuata bango kubwa lilibandikwa ukutani pale sokoni Keumbu. Pichani Bitutu alikuwa amelala chini ya lile dubwana jeupe, anatabasamu, wanafunzi wamemzunguka kwa makoti mapya. Nafasi bado zipo, liliandikwa. Chini yake wazazi walikuwa wamesimama na watoto wao, wakinakili nambari ya simu. Mama mmoja alimwita Nyanchera, akamwomba ausogeze mkungu wa ndizi ulioegemezwa ukutani, ukaziba tarakimu za mwisho.