Helmeti Iliyokwisha Kula Risasi

Mtu asiniambie habari za bahati. Nawroz tulikaa naye miaka minne kituo cha juu mlimani, polisi wawili na redio moja, na helmeti yake niliichagua mimi. Za serikali ni mabakuli ya chuma, yanavunja shingo, basi tulishuka mjini Peshawar kwa Haji Misal, muuza vifaa vilivyoachwa na majeshi. Kwetu helmeti yenye alama ya risasi ni ghali kuliko nzima. Watu husema imeshajaribiwa. Nikamwambia Nawroz achukue hiyo. Mimi nilichukua isiyo na alama kwa kuwa mfuko wangu ulikuwa mwepesi.

Risasi ilimpata Nawroz palepale penye alama, akafa. Tabibu akaniambia helmeti ikishapigwa mara moja imekwisha, hata kama nje inang'aa. Mimi ningejuaje?

Tangu hapo napika chai ya kijani vikombe viwili, kimoja namwaga. Jumatatu angeletwa mwenzangu mpya, Tilawat, na mkuu wetu akanipa fedha za helmeti moja, nikashuka tena Peshawar.

"Umekonda, Khan," Haji akanipokea. "Mlima unakula, wewe huli?"

"Nataka helmeti, Haji. Maneno ninayo."

Akashusha moja yenye rangi mpya. "Hii imekula risasi mbili. Mbili, mwanangu! Izraili akiiona anapita njia nyingine."

Nikaigeuza. Kamba ya kidevuni ilishonwa kwa uzi wa kijani, mishono mikubwa ya ovyo. Nawroz aliishona mbele yangu, nami nikimcheka kwamba bibi yake kipofu angeshona vizuri zaidi. Nikabonyeza rangi kwa kidole gumba. Chini yake palikuwa na gundi iliyoziba tundu.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Atakuwa amestaafu. Kama huitaki iache, kuna mzee anaijia jioni, anampelekea mwanawe."

Nikailipia. Hazikubaki fedha za nyingine.

Nilipofika juu niliiweka mwambani nikaipiga jiwe. Ikafumuka matabaka ya nyuzi kama chapati. Nililia, na sioni haya kusema.

Jumatatu Tilawat akafika, mrefu, mwingi wa maneno. Nikampa helmeti yangu. Akaikagua, uso ukamshuka.

"Kaka, hii mbona haijapigwa hata mara moja? Tutajuaje kama inafaa?"

"Ndiyo uzuri wake. Vaa."

"Na wewe je?"

"Nina bakuli la serikali. Shingo yangu ngumu."

Akacheka. Nikamimina chai vikombe viwili, akanywa chake akinisimulia shamba lao la aprikoti na mbuzi wao watundu. Sikumwuliza mama yake yuko kijiji gani. Cha mama yake Nawroz nakijua, na mpaka leo sijathubutu kwenda kumpa pole.