Mbegu ya Fundi Kesho

Fundi Kesho alipewa jina hilo na wateja wake. Aliyempelekea kitambaa cha sare ya mtoto aliambiwa aje kesho, na kesho yake hivyo hivyo, mpaka mtoto akamaliza shule. Lakini ikifika Jumapili, fundi wetu alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa mpanzi.

"Nimepanda, ndugu zangu," aliwaambia watu mlangoni pa kanisa. "Majoho kumi na nane ya kwaya, nimeshona bure. Hiyo ni mbegu. Sasa nangoja mavuno."

Mavuno yenyewe alikwisha kuyachagua: uzee wa kanisa, pamoja na kile kiti chenye mto kule mbele. Alikitamani mpaka akakiota. Mzee alichaguliwa kwa kunyoosha mikono, na kwa kuwa waumini wengi walikuwa wateja wake, kwao hakutegemea kitu. Tegemeo lake lilikuwa kwaya, nusu nzima ya kanisa.

Kasoro ilikuwa moja, na mkewe aliiona mapema, maana meza ya kukatia ilikuwa sebuleni kwao. Jora lililonunuliwa na kanisa lilitosha majoho yote, likabaki kidogo. Fundi hakupenda kidogo. Akapunguza vifuani, akabana kwapani, akapata sketi saba za shule, akazitundika dukani.

"Mume wangu, hicho ni kitambaa cha kanisa."

"Mungu anapima moyo, mama. Hapimi kwa tepu."

"Kwa hiyo watu watavaa moyo wako?"

Fundi akaendelea kukata. Ila joho la mkewe, ambaye naye aliimba kwaya, alilikata kwa nafasi, likapwaya vizuri. Hakuwa mjinga wa kulala na ugomvi ndani ya nyumba.

Siku ya uchaguzi kwaya iliingia kwa hatua fupi fupi, mikono imebana mbavuni, na waumini wakasifu nidhamu. Mchungaji akataja majina mawili, muuza mkaa na fundi.

"Wanaomtaka muuza mkaa?"

Mikono ya wateja ikapaa kabla hajamaliza kusema.

"Wanaomtaka fundi?"

Tuseme haki: kwaya ilimtaka. Baba mmoja wa sauti ya besi, mnene na mwenye shukrani, aliunyoosha mkono kwa moyo wote, kwapa likapasuka kwa mlio uliofika mpaka mlango wa nyuma. Akaushusha upesi. Wenzake wakajaribu taratibu, wakafika usawa wa kifua, wakasikia nyuzi zinaachia, wakaona heri waketi na heshima zao.

"Nikae uchi kwa ajili ya mzee wa kanisa?" mama mmoja alinong'ona.

Fundi akamtafuta mkewe kwa macho. Mkono mmoja usingempa kiti, alijua, lakini kupata mmoja si sawa na kukosa yote. Mkewe alimtazama usoni, mikono yake imetulia mapajani. Muuza mkaa akaitwa mbele, akaketi kwenye mto.

Njiani fundi hakuweza kujizuia. "Hata wewe?" aliuliza.

"Ningeunyoosha mkono," mkewe alisema, "kanisa zima lingeona joho lililotosha ni la nani. Nimekusitiri, mume wangu."

Hapo ndipo aibu ilipomwingia sawasawa.